Karani, Printa na Nyimbo za Mukaka

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayesoma apunguze kidogo, kama ninavyopunguza gauni lililokatwa na fundi mwenye haraka. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Shule niliiacha mapema, na kuandika nimejizoeza mwenyewe, jioni, mambo ya siku tu: nani kaoa, nani kahamia Kasese, mvua imeharibu nini kule Kyarumba. Karani nimejaribu kumwandika mara nyingi nikachana. Mara ya kwanza alitoka mtakatifu. Mara ya pili alitoka mtu mbaya kabisa. Hakuwa hata mmoja wa hao, na sijui kama leo nitampata.

Alikuwa karani wa parokia yetu. Kila mtu alimwita hivyo, hata mkewe. Ungemsikia anaita uani, "Karani, chakula kinapoa," kama anayemwita mtu wa ofisi. Jina lake analijua padri.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, dirisha likitazama njia ya hospitali, na bodaboda zilipita hapo kutwa nzima na vumbi lao. Vumbi ndilo lililokuwa adui yake wa kwanza. Kabla ya kuwasha kompyuta alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifuta, akavaa shati jeupe lililoning'inia kwenye msumari kwa kazi hiyo tu. Kompyuta ilikuwa na kitambaa chake na printa ilikuwa na chake, vyote nilivyodarizi mimi, maua mekundu pembeni. Chai haikuingia humo. Simu ilibaki mlangoni. Mtu akija na flash, Karani hakuichomeka. Aliishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa upole kama anayemuuliza binti aliyerudi asubuhi:

"Hii ililala wapi jana?"

"Ilikuwa kwa rafiki, Karani."

"Rafiki gani? Na rafiki iliazima kwa nani?"

Watu walicheka, wengine walikasirika wakaenda kwa Hajji. Hajji alikuwa na duka la karatasi na fotokopi upande wa pili wa barabara, na magari mawili ya kubeba mizigo hadi Kasese, na kwake flash ziliingia na kutoka kama nzi. Lakini niseme yote. Msimu mmoja kompyuta za Hajji zilishikwa na virusi, zikala kazi za watu: barua za kuomba kazi, ripoti za vikundi vya akina mama, mitihani ya shule moja jirani ambayo walimu walilazimika kuitunga upya. Kwa Karani hakikupotea hata kipande. Alifungua tu dirisha lake wazi siku hizo zote, ili tuone anafanya kazi. Hilo nalo lilinikera, na sijui kama nina haki ya kukereka.

Ukimpa kazi aliifanya kwa kiwango chake, hata kama wewe hukuomba kiwango hicho. Namkumbuka mzee mmoja aliyefuata ratiba ya mazishi ya kaka yake. Kulikuwa na koma mahali ambapo Karani hakuitaka. Akachana nakala zote zilizokwisha kutoka, akaanza upya.

"Karani," yule mzee akasema, "maiti iko kwa gari tayari. Gari inanguruma."

"Maiti haina haraka, Baba. Mwenye haraka ni weye."

"Watu wanatungoja kwa kaburi."

"Koma pia inangojewa. Karatasi haisemi samahani."

Mzee yule alitaka kumpiga. Nilikuwepo, nilimwona amekunja ngumi. Miaka baadaye nilimkuta nyumbani kwake ile ratiba imebandikwa ukutani, imefunikwa kwa nailoni, na akaniambia hajaona tena karatasi iliyomheshimu mtu wake hivyo. Basi, upande wa Karani hilo lihesabiwe.

Lihesabiwe pia kwamba wagonjwa wasiojua kuandika, waliotoka upande wa Kongo wakiwa hawana mtu, walimjia dirishani naye aliwaandikia barua za kwenda kwa ndugu zao bila kuchukua kitu. Aliwasomea kwa sauti walichosema, na wakilia alingoja.

Sasa nije kwenye hasira.

Karani aliamini kwamba programu iliyoibwa ni kitu kilichoibwa. Siku zile hapa kwetu hakuna aliyefikiria hivyo. Ulienda kwa kijana wa kompyuta Kasese, akakuwekea kila kitu, na hukuuliza kilitoka wapi, kama usivyouliza maji ya bomba yametoka mto gani. Karani aliuliza. Alipojua kwamba programu aliyokuwa akiandikia matangazo ya misa imevunjwa kufuli, alimwendea padri akaungama, kisha akaifuta yote, na wiki kadhaa matangazo yakaandikwa kwa mkono. Baadaye akapata mfumo wa bure, ulioandikwa na watu wa mbali wakautoa kwa yeyote. Aliubeba kwenye diski aliyoitia ndani ya jalada la Biblia.

"Bure si kuokota," alizoea kutuambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Kitu cha kuokota mwenyewe alilia. Kitu cha bure mwenyewe alifungua mulango, akasema karibu."

Hajji aliwahi kumvizia hapo hapo dirishani.

"Ssebo, bwana Karani, na wewe karatasi unazotumia, mbona boksi zake zina Kifaransa?"

Kila mtu alijua. Karatasi zake zilitoka Kongo, ng'ambo ya mto, zikapita kwenye vichaka mgongoni mwa mtu, hazikuona ofisi ya ushuru hata kwa mbali.

"Nauliza tu," Hajji akaendelea, "maana mimi ni mwizi wa programu, nataka kujifunza."

"Hajji, programu iliandikwa na mutu kwa mikono yake. Ule mupaka uliandikwa na nani? Bo wenye kuuandika walituuliza? Shamba ya mama yangu iko pande zote mbili."

"Wallahi, huyu ana jibu." Hajji alicheka mpaka akakohoa. "Nikienda kaburini nitakukodisha uje unijibie."

Mimi pia nilicheka siku ile. Jibu lilikuwa zuri. Lakini nimekaa nalo miaka na naona kosa lake: Karani alijua kupima wizi kwa jicho lake mwenyewe, akajiruhusu palipomfaa. Palipomfaa mtu mwingine hakuruhusu. Huenda nakosea. Huenda kila mtu yuko hivyo, hata mimi nikibakiza kipande cha kitambaa cha mteja.

Mukaka ndiye sababu ya haya yote. Kwa Kikonzo ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu ni mama wa mama yangu, anakaa juu Kyarumba, mahali ambapo njia ni ya miguu tu na kila kitu hushuka juu ya kichwa cha mtu. Hakusoma hata darasa moja. Anatunga nyimbo. Alizitunga akishuka na kahawa kichwani, akipanda na chumvi na sabuni, na kwaya yetu inaziimba mpaka leo wakati wa sadaka. Wimbo mmoja hasa, ule wa kushuka na mzigo, unajulikana na watu ambao hawajui kwamba una mwenyewe.

Karani ndiye aliyeona kwamba zisipoandikwa zitakufa naye. Sisi jamaa zake hatukuliona hilo. Alipanda mwenyewe Kyarumba na penseli, akakaa ukingoni mwa turubai la kahawa, akamwambia aimbe.

"Rudia hapo, Mama. Jana uliimba namna ingine."

"Jana mvua ilikuwa haijanyesha."

"Mvua na wimbo beko na kesi gani?"

"Njia ikiwa na utelezi wimbo unapunguza mwendo, mwanangu. Wewe unapandaga na viatu, huwezi kujua."

Aliziandika kwa zile herufi za kwaya, d, r, m, f, na nukta mbili na mistari katikati. Kwa asiyezijua: kila herufi ni sauti, na nafasi kati ya alama ndiyo pigo. Karani alinifundisha kwa mkanda wangu wa kupimia. "Kila inchi ni pigo moja," akasema. "Inchi ikiwa tupu, unanyamaza. Inchi ikisogea, wimbo umesogea." Nilielewa kuliko nilivyoelewa chochote shuleni, na nilimpenda siku ile, kama mtu anavyompenda mwalimu.

Alipomaliza, akamwahidi Mukaka kitabu.

Mukaka akamwambia, "Sitakisoma. Lakini nataka nione sauti yangu inavyokaa kwenye karatasi."

Wakati huo macho yake yalimtambua mbuzi wake kwenye mteremko wa ng'ambo. Hilo nalisema kwa sababu ndilo deni lote. Hakuomba kusoma, hakuomba jina lake liandikwe mbele. Aliomba kuona.

Kilichofuata kilianza kwa wema. Kwaya ya Nyamwamba, kule mjini Kasese, iliomba ule wimbo wa mzigo kwa ajili ya mashindano. Karani akawapa ukurasa kwenye flash mpya. Wao wakaenda kuuchapa kwa mtu wao, na kompyuta ya mtu yule haikuwa na herufi zile zile, ikaweka nyingine zilizo pana zaidi. Nukta zikasogea. Katikati ya mstari wa tatu, mahali ambapo mwimbaji hana budi kukimbia moja kwa moja, ikatokea inchi tupu.

Wale watu wa Nyamwamba wana nidhamu. Waliimba kilichoandikwa. Walifika hapo, wote wakanyamaza pigo zima, midomo wazi, kisha wakaendelea. Na kanisa zima likapenda. Watu walitoka wakiuimba hivyo. Mwezi haukupita, hata Bwera bodaboda wakawa wanaupigia mluzi na kile kimya ndani yake.

Nilikuwa nimekaa na Mukaka siku ya mashindano. Karani alikuwa mbele yetu, nikaona mabega yake yakipanda na kubaki juu. Mukaka alicheka kwa sauti.

"Hapo wamenipatia mahali pa kupumua," akasema. "Wimbo ule ulikuwa unanimaliza. Sasa mtu anaweza kuuimba akiwa mzee."

Karani akageuka. "Mama, ni kosa. Wameharibu."

"Nani ametunga?"

"Weye, Mama."

"Basi liweke."

"Mi niliandika vile uliimba. Siku ile haukupumua."

Hapo ndipo alipoapa kwamba nyimbo zile hazitatoka tena mikononi mwake mpaka apate programu ya kupanga kurasa ambayo haisogezi kitu, iliyo ya bure, na printa nyingine ya kuzichapa, maana ile ndogo ya ratiba ilikuwa imekufa, ili kitabu kizaliwe na kumalizika ndani ya chumba kile kimoja. Sikuona ubaya. Nilidhani ni mambo ya wiki chache.

Programu aliipata baada ya kuhangaika sana. Alikwenda Kasese na kurudi, anakaa kwenye chumba cha intaneti, anapakua kitu kikubwa kwenye laini nyembamba kama uzi, umeme unakatika karibu na mwisho, anaanza tena. Dada aliyesimamia pale alimzoea. Siku moja nilipokuwa nimeshuka kununua vitambaa nilimkuta anamwambia, "Mzee wangu, hii faili ina uzito kuliko subira yangu. Nenda ukanywe chai." Hakwenda. Alikaa akiutazama ule mstari unaojaa polepole, mikono magotini, kama mtu anayelinda mgonjwa. Kisha akajifunza programu yenyewe, ambayo haikuwa ya kubonyeza tu. Iliandikwa kwa amri, kama jeshini, na ukikosea alama moja inakataa ukurasa wote. Ilifanana naye. Nilipoona ukurasa wa kwanza kwenye kioo, nukta zilikuwa zimesimama kama mistari ya maharage. Ulikuwa mzuri.

Ikabaki printa.

Printa mpya ilikuwa zawadi ya wageni waliotembelea parokia, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Ililetwa bila diski yake. Na printa haifanyi kazi bila draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kusema na mashine hiyo. Kwa mfumo wa wizi draiva ilikuwepo. Kwa mfumo wa bure wa Karani haikuwepo, au ndivyo alivyosema. Alitafuta kote. Aliandika kwenye mtandao mahali ambapo watu huuliza, na mtu fulani wa nchi ya mbali akamjibu kwamba mashine yenye nambari hiyo haijaandikiwa draiva, pole, labda siku moja.

Miaka ikapita namna hiyo. Siku nikiihesabu hasira yangu naanza hapo. Macho ya Mukaka yalianza kwenda. Tulimshusha Bwera hospitalini, na walimtendea vizuri, wakatueleza wazi: ni ugonjwa unaokula kuona kutoka pembeni kuja katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wakampa dawa ya matone ya kuuchelewesha. Yeye mwenyewe alisema, "Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo."

Nikaenda kwa Hajji. Hakuuliza mengi. "Lete leo," akasema. "Nitamchapia yule mama bila kitu. Kitabu kitakuwa mkononi mwake kabla ya Ijumaa. Lakini yule Karani wako hatakupa."

Nikaenda kwa Karani. Nilisahau hata kuacha simu mlangoni.

"Macho yake yanaisha," nikamwambia.

"Nimesikia, Masika. Naombea."

"Hajji atachapa. Nipe hizo kurasa."

"Kwa ile kompyuta?"

"Kwa yoyote."

Akachukua kile kitambaa changu chenye maua mekundu, akaanza kufuta printa ambayo haikuwa na vumbi. "Nimupe mama ya watu kitu iko na makosa? Kitu imechapwa na wizi, na ndani yake jina ya Mungu?"

"Hajui kusoma, Karani. Hataona kosa."

"Mi nitaliona."

"Kitabu ni chako au chake?"

Akanionyesha kwenye kioo maneno ya yule mtu wa mbali, kwa furaha kabisa, kama anayenionyesha picha ya mjukuu. "Tazama. Mutu hanijui, sijamupa hata ndizi, na amenijibu. Ameandika, labda siku moja. Watu ya namna hii beko, Masika."

"Asiyekujua amekujibu," nikasema. "Anayekujua anakungoja, humjibu."

Niliondoka. Sikuimba kwaya kwa muda mrefu baada ya hapo. Nilipopita dirishani nilitazama upande wa Hajji. Na Hajji, ambaye ningetegemea amcheke Karani, aliniambia jambo ambalo sikutaka kusikia: "Yule mtu si mbaya, fundi. Ni mtu anayeogopa. Amewahi kuona kitu chake kinaharibika mbele ya watu." Sawa. Nimeandika alivyosema. Lakini na Mukaka alikuwa anaogopa, na hakumfungia mtu yeyote macho.

Mukaka alipoteza lile tundu la ufunguo katika msimu wa kuchuma kahawa. Asubuhi moja aliuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limeshapanda.

Karani alikuja Kyarumba muda fulani baada ya hapo. Nilikuwa juu kule na cherehani ndogo ya mkono, nashona sare za watoto wa shule, maana siku hizo nilikaa na Mukaka zaidi kuliko Bwera. Nilimwona kwenye njia kutoka mbali. Alikuwa amezeeka. Wanawake wenye mizigo walimpita wakimsalimu, naye alisimama kila kona. Kichwani alikuwa amebeba kifurushi cha nailoni, amekishika kwa mikono miwili, na hakikuwa kizito. Alikuwa amevaa lile shati jeupe la ofisini.

Nikampa maji. Sikumpa zaidi.

"Mama," akamwambia Mukaka, "nimeleta kitabu."

"Karani? Umepata mashine?"

Akakaa chini, si kwenye kiti. Alichosema kilikuwa cha kwangu zaidi kuliko cha Mukaka, kwa maana alisema akinitazama. Ile draiva ilikuwa ndani ya kompyuta yake tangu mwanzo. Si ya printa ile hasa, ya ndugu yake: mashine iliyotoka kiwanda kile kile, iliyotofautiana nayo kwa nambari ya mwisho. Yule dada wa intaneti Kasese alimwambia zamani, "Mzee, chagua hii jirani yake, watu wote wanafanya hivyo, itachapa." Naye akakataa. Kompyuta ilimuuliza, printa yako ni ipi, na alipaswa kubonyeza jina ambalo si la printa ile.

"Nilisema, nitaidanganya?" akasema. "Iliniuliza vizuri. Nilisema nitajibu uongo, kisha nichape nyimbo ya Mungu?"

"Na sasa?" nikauliza.

"Nilisikia kama mama haoni. Nikabonyeza."

"Ikachapa?"

"Ikachapa, Masika. Mara moja."

Sijui niandike nini hapa. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikauweka chini. Mtu aliyepitisha karatasi za magendo vichakani alishindwa kuisemea mashine uongo mdogo. Kubonyeza tu, kitu ambacho dada mmoja alimwambia kati ya wateja wawili. Nimejaribu kumtetea kwa siku nyingi: kwamba mtu hajui uongo upi utakuwa wa mwisho, kwamba aliyejizoeza kunyooka hawezi kuchagua pa kupinda. Nimeandika utetezi huo ili uwepo. Haunitoshi.

Mukaka alinyoosha mikono. Karani akafungua nailoni, akampa. Kilikuwa kitabu chembamba, kimeshonwa katikati kwa uzi, si pini. Mukaka akalipapasa jalada, akanusa, akapitisha kiganja kwenye ukurasa wa ndani.

"Ni laini," akasema. "Hakuna kitu."

Ni kweli. Wino wa mashine ile haukuacha hata mkwaruzo. Kazi yote ile, nukta zote zile zilizonyooka, na chini ya vidole vyake ulikuwa ukurasa mtupu.

"Wimbo wa mzigo uko wapi?"

Akamfungulia, akachukua kidole chake akakiweka mwanzo wa mstari.

"Nipeleke mahali pa kupumua."

Karani hakusogeza kidole. Nilijua kabla hajasema.

"Mama, haiko. Nilipanga vile uliimba ile siku ya kwanza. Bila kosa."

"Bila kosa," Mukaka akarudia. Hakusema kwa ubaya. "Mimi siku hizi naimba nikipumua. Kwaya yako inaimba ikipumua. Nani ataimba hiki?"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na turubai. Karani alikitazama kitabu, yule yule aliyechana karatasi za maiti kwa koma moja. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Masika, niazime sindano."

Nikaichomoa kwenye kola ya gauni langu, ninapoichomeka siku zote. Akahesabu kwa midomo hadi kwenye mstari wa tatu, akafuta ncha kwenye shati, akatoboa ukurasa. Akaugeuza, akakiweka kidole cha Mukaka upande wa pili, pale karatasi ilipoinuka.

Mukaka akapapasa. Akaondoa kidole, akakirudisha, akakipata tena mwenyewe.

"Hapa," akasema. "Wasingya, asante, mwanangu." Akaanza kuimba polepole, kidole kikitembea kwenye ule ulaini, na kilipofika kwenye kitundu alinyamaza, akavuta pumzi, akaendelea. Karani alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona analia na sikumwonea huruma, nasema ukweli, ingawa labda nitamwonea siku nyingine.

Alipoondoka alinirudishia sindano, nikaichomeka kolani pale pale. Ilikuwa imekaa pale miaka yote hiyo, kama ile draiva.